Dada wa Fundi Boila

"Una mke?" daktari wa kiwanda alimuuliza fundi wa boila, huku akikunja kipimo chake cha presha.

"Nina dada," fundi akajibu.

Jibu lilimtoka bila kufikiri, kama mtu anavyotaja namba yake ya kazi. Alikuwa amelitoa kwa miaka kumi na minane, mbele ya wakubwa mbalimbali, na hakuna aliyewahi kulitilia shaka. Daktari naye hakulitilia shaka. Alisema tu kwamba moyo umechoka, kwamba joto la boila na ngazi zake havimfai tena mtu wa umri ule, na kwamba ni vizuri mtu wa karibu akaambiwa mapema, ajiandae. "Dada si mbaya," akaongeza. "Ila mke ndiye mwenye haki zake." Kisha akaandika dawa.

Njiani kurudi nyumbani, fundi alipita ofisi ya utumishi, akauliza maswali kwa niaba ya rafiki yake. Afisa utumishi alikuwa kijana mpole aliyependa kueleza mambo, na siku hiyo hakuwa na mtu wa kumweleza. Alisema mfanyakazi akifa kabla ya kustaafu, mke wa ndoa hulipwa nusu ya mshahara kila mwezi mpaka naye afe, na kwenye kota za kiwanda hatolewi.

"Akiwa na dada tu?"

"Dada anapewa pesa ya mazishi na miezi mitatu ya kufungasha."

"Na kama kuna mwanamke wanaishi naye tu? Miaka mingi, lakini hawajaoana?"

Afisa utumishi alitabasamu. "Huyo anapewa pole."

Fundi alicheka kwa adabu, akashukuru kwa niaba ya rafiki yake, akatoka.

Huyo dada, ambaye hakuwa dada, alikuwa sebuleni akishona sare za shule. Kota nzima walimwita Mama Vifungo, kwa kuwa hakuna nguo iliyowahi kutoka mikononi mwake na kifungo kinachoning'inia. Alikuwa mjane wa mwalimu. Serikali ilimlipa pensheni ya ujane kila mwezi, na ingeendelea kumlipa mpaka afe au aolewe, lolote litakalotangulia. Alipokutana na fundi, mwanamume aliyefiwa na mama wa mtoto wake na kubaki na binti wa miaka sita, wawili hao walikaa chini wakapiga hesabu kama watu wazima. Wakioana, pensheni inakatwa. Wasipooana, hawezi kuishi kota, maana kiwanda kilikubali mke mwenye cheti, watoto, au ndugu wa damu asiye na pa kwenda. Basi fundi akaenda kumwandikisha kuwa ndugu wa damu asiye na pa kwenda. Kwa kuwa majina ya baba zao yalitofautiana, alisema wamechangia mama. Siku hiyo walicheka mpaka machozi. Waliona wameuchezea shere ulimwengu mzima.

Binti alifundishwa kwamba ndani ni mama, nje ni shangazi. Mtoto alilishika jambo hilo haraka kuliko wao. Majirani wa siku nyingi walijua, wakanyamaza, kwa sababu kila nyumba pale ilikuwa na uongo wake mdogo ofisini. Waliohamia baadaye waliambiwa dada, wakaamini dada.

Fundi alivua viatu, akakaa, akaitazama sindano ikipanda na kushuka.

"Vifungo," akasema, "nataka kukuoa."

Cherehani ikasimama. "Umekunywa nini?"

"Nimetoka kwa daktari."

"Daktari na kuoa wapi na wapi?"

Akamweleza, la daktari kwanza, la afisa utumishi baadaye. Mama Vifungo alisikiliza hadi mwisho, futi ya kitambaa ikiwa shingoni. Alipofungua kinywa hakuuliza habari za moyo, aliuliza habari za pesa. Hakuwa mkatili. Hesabu ndiyo lugha waliyozoea kuyasemea mambo yanayowaogopesha.

"Pensheni ya mwalimu itakatwa."

"Itakatwa."

"Ndiyo iliyomsomesha binti yako. Ndiyo inayolipa umeme mpaka leo."

"Najua. Nimeila miaka yote, na hata siku moja haijanikalia vizuri tumboni. Mwanamume mzima nalishwa na marehemu."

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Ningesemaje na mdomo umejaa?"

Mama Vifungo akacheka, kisha akajifuta macho kwa kipande cha sare. Fundi alijifanya anatafuta soksi.

"Hiyo nusu ya mshahara wako inaishinda pensheni yangu?"

"Mara mbili na ushee. Na nyumba juu."

"Basi nioe," akasema, akavuta kitambaa kukirudisha chini ya sindano. "Lakini usije ukadhani nimekubali kwa ajili ya huo moyo wako. Nimekubali kwa ajili ya nyumba."

"Hata mimi nakuoa kwa ajili ya nyumba," fundi akasema. Kila mmoja alijua mwenzake anadanganya, na wote wakaridhika.

*

Mpango wao ulikuwa rahisi. Wangeoana kimyakimya kwa msajili wa ndoa, upande wa pili wa mji, kisha fundi angempelekea afisa utumishi cheti na kuomba radhi kwa uongo wa zamani. Mbele ya cheti, waliamini, kijana yule angefoka kidogo halafu angebadilisha jina la undugu na kuendelea na kazi zake. Bila cheti wangekuwa tu watu wawili waliokiudanganya kiwanda.

Msajili wa ndoa alikuwa mtu mfupi mwenye suti moja na tai nyingi. Alichukua picha zao, akapokea ada, akawaambia tangazo la ndoa litabandikwa ubaoni kwa wiki tatu. Asipotokea wa kupinga, waje na mashahidi wawili.

"Kwani hayo matangazo yanasomwa na nani?" fundi akauliza.

"Hasomi mtu," msajili akasema kwa moyo mweupe. "Tangu nianze kazi hapa, wanaosoma ule ubao ni wanaosubiri choo."

Wakaondoka wamefurahi. Mama Vifungo alinunua kitambaa cha rangi ya krimu, akakificha chini ya sare za shule ili wateja wasiulize. Fundi alimpigia simu binti yake, aliyekuwa ameolewa mji mwingine na kufanya kazi ya keshia, akamwambia ajiandae kuwa shahidi.

"Baba, mnaoana mkiwa wazee hivyo?" binti akacheka. Kisha akauliza kama kuna tatizo. Baba yake akasema hakuna, ni mambo ya ofisi tu.

Katika wiki ya pili, jirani yao wa ukuta mmoja alikwenda jengo lile lile kutafuta nakala ya cheti cha kifo cha mkewe. Alikuwa mtunza stoo wa kiwanda, watu walimwita Bwana Stoo, mjane wa kiume asiye na watoto, aliyehamia kota miaka sita nyuma. Kazi yake ilimfundisha kusoma kila karatasi iliyobandikwa ukutani. Choo kilikuwa na mtu. Akausoma ubao kuanzia juu, na karibu na chini akayakuta majina mawili anayoyajua, na picha mbili za watu anaokunywa nao chai.

Aliyasoma tena. Miaka miwili kabla ya hapo, Bwana Stoo huyu alivaa shati lake zuri, akaketi kwenye sofa la fundi, akamposa Mama Vifungo kwa kaka yake kwa heshima zote. Fundi alisema atamuuliza dada. Baada ya wiki akaleta jibu: dada hataki kuolewa tena, amezoea ujane. Bwana Stoo alilipokea vizuri. Jioni waliendelea kucheza drafti kama kawaida, na kwa utani aliendelea kumwita fundi shemeji, akisema kwamba mlango wa mbinguni haufungwi.

Sasa alisimama mbele ya ubao na akili yake ikampa maelezo mawili tu. Ama ni kaka na dada wanaotaka kufanya jambo lisilotamkika, ama yeye alichezewa. La kwanza lilikuwa baya zaidi, lakini la pili liliuma zaidi, kwa hiyo akachagua kuamini la kwanza. Aliingia ofisini kwa msajili, akasema kwa sauti ya chini kwamba watu wale ni ndugu wa tumbo moja, kiwanda kizima kinajua, na kwenye kumbukumbu za ofisi wameandikwa hivyo. Msajili akampa kalamu, naye akatia sahihi kwenye fomu ya pingamizi.

*

Waliitwa wote watatu. Ofisi ya msajili ilikuwa na viti viwili vya wageni, vilivyowekwa kwa ajili ya maharusi, hivyo Bwana Stoo alisimama kando ya kabati la mafaili.

"Kuna pingamizi," msajili akasema. "Huyu bwana anasema ninyi ni ndugu. Na mimi ndugu siozeshi."

"Si ndugu yangu," fundi akasema.

"Kiwandani ameandikwa nani?"

Fundi akatazama sakafu. "Dada."

"Na ulimwandikisha wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Msajili alivua miwani. Mama Vifungo akaona bora ayanyooshe maneno. Alitoa cheti chake cha kuzaliwa, cheti cha ndoa ya kwanza, karatasi ya pensheni, akavipanga mezani, akaeleza mambo yote, kota, mwalimu, mtoto wa miaka sita, bila kujitetea na bila kulia. Alipomaliza, aliyezungumza alikuwa Bwana Stoo, na hakumtazama yeye.

"Kwa hiyo ile siku niliyokuja kwako," akamwambia fundi, "nimevaa vizuri, nimeshika adabu zangu zote, nilikuja kumposa mke wa mtu kwa mumewe."

"Ndiyo," fundi akasema.

"Ukaniambia utamuuliza."

"Nilimuuliza."

"Ukamuuliza nini?"

"Nilimuuliza tutakuambia nini." Fundi alijipangusa shingo. "Nisamehe, jirani. Ningekwambia kweli, nyumba ingeondoka."

"Mkacheka?"

Walicheka, kwa kweli, jioni ile, wakiwa wameziba midomo kwa mito ili sauti isipenye ukuta. Bwana Stoo aliliona jibu kwenye nyuso zao. Msajili alijikohoza kuzuia kicheko chake, na kikohozi hicho kilimuumiza yule mtu kuliko yote yaliyosemwa.

"Basi ni rahisi," msajili akasema. "Aliyepinga akiondoa pingamizi lake, tunaendelea. Asipoliondoa, nitahitaji barua ya mwajiri kuthibitisha kwamba si ndugu."

Fundi na Mama Vifungo wakatazamana. Barua ya mwajiri maana yake ilikuwa kwenda kukiri kabla hawajawa na cheti mkononi.

"Bwana Stoo," Mama Vifungo akasema, "tumekukosea. Nakuomba."

"Nipeni wiki moja," akajibu. "Sisemi sitaondoa. Nataka tu na mimi nisubiriwe."

Alisubiriwa. Wiki hiyo drafti haikuchezwa. Kila alipopita dirishani kwao, Mama Vifungo alikanyaga cherehani taratibu ili asionekane ana furaha, wala asionekane ana huzuni. Fundi hakuthubutu kumsogelea, lakini asubuhi moja alimkuta bombani akamjazia ndoo bila neno. Bwana Stoo akaipokea ndoo, bila neno vilevile. Wiki ilipokwisha alikwenda kwa msajili, akaondoa pingamizi lake. Hakuwa amemwambia mtu yeyote kiwandani, na hilo lazima lihesabiwe upande wake.

Msajili aliwapigia simu maharusi kuwapa habari njema. Kisha akawapa nyingine: sheria inataka tangazo lililopingwa libandikwe upya. Wiki tatu nyingine.

"Kwani tuna haraka gani?" fundi akamwambia Mama Vifungo. Alipanda baiskeli yake, akaenda kazini.

*

Alifia kwenye benchi la chumba cha boila, mchana kweupe, glasi ya chai ikiwa bado imejaa pembeni yake. Mwenzake wa zamu alidhani anasinzia, akapunguza redio. Tangazo ubaoni lilikuwa limebakiza siku nne.

Binti alifika na basi la asubuhi. Yeye na Mama Vifungo walikwenda ofisi ya utumishi pamoja, kwa kuwa hospitali haikutaka kuutoa mwili mpaka mwajiri aseme nani anaupokea, na mwajiri hakutaka kutoa pesa ya mazishi mpaka ajue anamkabidhi nani. Afisa utumishi aliwavutia viti, akawapa pole, akafungua faili la marehemu.

"Hapa naona binti," akasema, "na dada. Wewe mama ndiye...?"

"Huyu ni—" binti alianza, sauti ikipanda.

"Dada," Mama Vifungo akasema. Alikuwa amemshika binti kifundo cha mkono, chini ya meza. "Mimi ndiye dada yake."

Afisa akaweka alama ya vyema. Akaeleza polepole, kwa upole wa kweli, kwamba pesa ya mazishi ataipata leo hii, gari la kiwanda litabeba mwili, na nyumba anaruhusiwa kukaa miezi mitatu. Mafao mengine yatakwenda kwa binti, nayo si makubwa. Alisikitika kwamba marehemu hakuacha mke, maana mke angelipwa maisha.

"Alikuja hapa juzijuzi kuniulizia mambo hayohayo kwa niaba ya rafiki yake," akasema. "Mtu mwema sana kaka yako, anahangaikia shida za wenzake. Yule rafiki yake hatimaye alioa?"

"Hakuwahi," Mama Vifungo akasema, akatia sahihi alipoonyeshwa.

Walimzika kesho yake. Watu wa kiwandani walikuja wengi, mabosi nao wakaja, na afisa utumishi akasimama safu ya mbele. Ilimbidi Mama Vifungo alie kama dada. Si jambo dogo. Dada hulia, lakini hapigi magoti. Huita kaka, haiti mume wangu. Akiondolewa kaburini huondoka. Alijizuia mpaka taya zikamuuma. Wanawake wa siku nyingi wa kota, waliojua, walimzunguka pande zote ili asionekane uso, na kila alipotaka kuzidisha walimbana kwa mabega. Wale wasiojua walimfariji kwa maneno yao: ajikaze, kaka ni kaka, ila ashukuru Mungu hakufiwa na mume kwa mara ya pili.

*

Mwezi wa pili ulipokuwa unaishia, Mama Vifungo alianza kutafuta chumba. Vya bei aliyoiweza vilikuwa na giza, na mshonaji hawezi kufanya kazi gizani. Chenye mwanga kilikuwa kimoja. Mwenye nyumba alimuuliza ana mume, akasema hana. Akamuuliza basi nani atamdhamini kodi. Pensheni ya mwalimu ilikuwa bado inaingia, lakini kodi na umeme vingeimaliza yote. Alimpigia binti.

"Mama, njoo ukae kwangu."

"Chumba kimoja, mume na watoto wawili. Mimi mtanilaza juu ya meza?"

"Tutabanana."

"Mumeo ni mtu mzuri. Usimjaribu."

Ilikuwa adhuhuri, siku ya mapumziko, Bwana Stoo alipobisha hodi. Hakuvaa shati zuri. Alikaribishwa sofani, akakataa, akasimama kwenye kizingiti, kofia mkononi.

"Nimekuja kuposa," akasema. "Safari hii sijui nimwombe nani."

Mama Vifungo aliondoa mguu kwenye kanyagio. "Niombe mimi."

"Sikutaki kama zamani," Bwana Stoo akasema haraka, kisha akaona alivyoliweka vibaya. "Nina maana sikusumbui. Nyumba yangu ina vyumba viwili. Chako chako, changu changu. Cherehani inakaa sebuleni, pana dirisha kubwa. Tunakwenda kwa msajili, napeleka cheti ofisini. Mimi nikitangulia, nusu ya mshahara ni yako na hakuna wa kukutoa. Nimepiga hesabu: haizidi sana pensheni yako ya sasa, lakini ina nyumba juu."

Mama Vifungo alishtuka kusikia maneno yaleyale ya fundi, nyumba juu. Alimtazama sana.

"Kwa nini unanifanyia hivi?"

Bwana Stoo alizungusha kofia. "Ile wiki niliyoomba. Ningetia sahihi siku ile ile pale ofisini, wiki tatu zingeisha mapema."

Mama Vifungo angeweza kumwambia hapana, usijilaumu, mipango ya Mungu. Ndivyo watu wanavyosema. Lakini alikuwa amechoka kusema visivyo kweli kwa ajili ya nyumba.

"Ndiyo," akasema. "Zingetosha. Zilibaki siku nne."

"Najua. Nimezihesabu."

Nje mtu alikuwa anaburuza jerikani.

"Na wewe unapata nini?" akamuuliza.

"Nitakuwa na mtu wa kunywa naye chai. Tangu aondoke shemeji, nakunywa peke yangu." Akajirekebisha. "Tangu aondoke jirani."

Mama Vifungo hakujibu siku hiyo, wala siku iliyofuata. Alikuwa na hasira naye, na hasira hiyo aliiona ni ya haki. Alikuwa pia na notisi ya kiwanda mlangoni, yenye tarehe. Siku ya tatu alimpelekea shati lake, alilowahi kumletea likiwa limepungua vifungo, akiwa amevikaza vyote, akamwambia aende kulipia tangazo.

*

Safari hii ubao ulisomwa na wanaosubiri choo tu. Hakuna aliyepinga. Walikwenda siku ya kazi asubuhi, na mashahidi wawili waliookotwa kota: kinyozi na mkewe, wageni, waliohamia mwaka uleule. Mama Vifungo hakuvaa kile kitambaa cha krimu. Alikuwa amemzika fundi nacho, amemshonea shati, na mwosha maiti alisema hajawahi kuona mishono iliyonyooka vile. Alivaa gauni lake la kila siku.

Msajili aliwatambua. Aliinuka, akaketi, akarekebisha tai. Hakuuliza swali lolote lisilokuwa kwenye fomu, akaenda mstari kwa mstari, haraka, kama mtu anayepita mahali palipomwagika maji.

"Mna undugu wowote?"

"Hatuna," wakasema.

"Bwana, hali ya ndoa kabla ya leo?"

"Mjane. Mke wangu alifariki."

"Bibi?"

"Mjane."

"Mjane wa nani?"

Swali lilikuwa la kawaida, na jibu lilikuwa mezani mbele yake, kwenye cheti cha kifo cha mwalimu, kilichopigwa mhuri. Mama Vifungo alikitazama. Siku zote alikuwa ametoa jibu linalotakiwa, kwa kila aliyekaa nyuma ya meza, na kila jibu lilikuwa limemwekea paa juu ya kichwa.

"Wa fundi wa boila," akasema.

Kalamu ya msajili ikabaki hewani. Bwana Stoo akainamisha kichwa, akawa anatazama ncha za viatu vyake. Kinyozi na mkewe walitabasamu tu, wakisubiri iendelee.

"Mama," msajili akasema polepole, "ninachoruhusiwa kuandika ni mume wa kwenye cheti. Hapa pana mwalimu. Yule mwingine hakuna karatasi."

"Najua hakuna," Mama Vifungo akasema. "Umeniuliza mimi ni mjane wa nani, nimekujibu. Sasa andika unachotakiwa kuandika."

Msajili akaandika jina la mwalimu. Kalamu ilipoanza kukwaruza karatasi, Mama Vifungo akafunika uso kwa mikono miwili, akalia, mabega yakipanda na kushuka, kwa sauti iliyotoka mpaka kwenye varanda, akimwita mume wangu, mume wangu. Bwana Stoo hakumgusa. Alisimama kando yake, kofia mkononi, akamwacha alie mpaka amalize.

Mke wa kinyozi, mtu mwenye huruma, aliinama kumpapasa mgongo. Akamwambia mumewe kwamba ni kawaida, maharusi wengi hulia, ni furaha tu. Hakuna aliyemsahihisha.